Maandishi Laini: Sajili ya Biashara Iliyojificha katika Soko la Uchina

Aghalabu mwanafunzi wa isimujamii hufundishwa kuitambua sajili ya matangazo ya biashara kwa sifa zake: sentensi fupi, takriri, chuku, na maneno ya kupindukia kama vile "bora zaidi" na "haina kifani". Orodha hiyo ina ukweli wake, ila msingi wake ni dhana kwamba tangazo hujitambulisha kwa msomaji. Maendeleo ya uandishi wa uhusiano mwema nchini Uchina yanaitilia shaka dhana hiyo. Huko, tangazo linaloogopewa na wenye kulinda haki za wanunuzi ni lile lisilokuwa na hata sifa moja kati ya hizo.

Wachina wameupa utanzu huu jina: ruanwen, yaani maandishi laini. Ni makala ambayo kampuni huiagiza na kuilipia, lakini huandikwa kwa sura ya habari, kisa cha maisha au ushauri wa afya. Jina la bidhaa hucheleweshwa, kisha likachomoza kana kwamba limekuja kwa nasibu tu. Enzi za magazeti, angalau palikuwa na mhariri wa kuweza kuikataa makala ya namna hiyo (kama alitaka). Kampuni ya Tencent ilipozindua WeChat mwaka 2011, na mwaka uliofuata kuyawezesha mashirika kufungua akaunti rasmi za kuchapisha makala, kizingiti hicho kiliondoka. Mwenye bidhaa akawa mwandishi, mhariri na mchapishaji kwa wakati mmoja.

Sheria nayo haikuuzima ulaini huu. Sheria ya Matangazo ya nchi hiyo, ambayo marekebisho yake yalianza kutekelezwa tarehe 1 Septemba 2015, inakataza maneno kama "ya kiwango cha taifa" na "bora kabisa", na anayekiuka hutozwa faini ya kati ya yuan 200,000 na yuan 1,000,000. Ni nadra sheria kuadhibu shahada ya kivumishi kwa ukali kiasi hicho! Lakini mwandishi aliyenyang'anywa chuku bado ana ushuhuda. Katika Xiaohongshu, programu iliyoanzishwa jijini Shanghai mwaka 2013, watumiaji husimuliana kuhusu vipodozi, mavazi na safari zao, na humo umestawi msemo zhongcao, "kupanda nyasi", wenye maana ya kuotesha tamaa ya kitu moyoni mwa mwingine. Kukinunua kitu hicho na kuituliza tamaa ni "kung'oa nyasi". Sitiari hii ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mahindi yakionekana shambani, kila mtu hujua kuna aliyeyapanda. Nyasi hudhaniwa zimejiotea.

Madhara yake si ya mfukoni pekee. Mwaka 2016, Wei Zexi, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21, alifariki kwa saratani adimu baada ya kupokea matibabu yasiyofaa katika hospitali aliyoipata kupitia Baidu, tovuti ya kutafutia habari ambamo waliolipa walitangulizwa katika matokeo. Kabla ya kifo chake alikuwa ameandika mwenyewe kuhusu mkasa huo. Mwaka huohuo serikali ilitoa kanuni za kuyahesabu matokeo yaliyolipiwa kuwa matangazo. Kanuni nyingine, zilizoanza tarehe 1 Mei 2023, zinataka hata masimulizi ya tajriba na tathmini za bidhaa zibandikwe neno "tangazo" iwapo zimeambatishwa kiungo cha kununulia. Tatizo liko katika sharti hilo la mwisho: maandishi laini yaliyokomaa hayahitaji kiungo.

Wapo wanaodai kwamba msomaji wa leo ni mwerevu na huitambua hila. Hoja hii haina mashiko. Kama kila msomaji angeitambua, ulaini usingelipiwa. Isitoshe, ukaribu unaotengenezwa kwa lugha hudhaniwa kuwa uhusiano wa kweli. Li Jiaqi, muuzaji mashuhuri wa vipodozi kwa matangazo ya moja kwa moja, alizoea kuwaita watazamaji wake "wasichana wote", mwito wa kirafiki unaofuta mpaka baina ya duka na sebule. Septemba 2023, mtazamaji alipolalamika kuwa penseli ya nyusi ya yuan 79 ni ghali, Li alimtaka ajiulize iwapo mshahara wake umepanda na iwapo amefanya kazi kwa bidii. Aliomba radhi, lakini hasira za umma zilikuwa zimekwisha kuwaka. Rafiki alikuwa amesema kama mchuuzi.

Kwa mhadhiri wa sajili, mfano huu unadai mabadiliko ya mtihani wenyewe. Swali la "taja sifa tano za lugha ya matangazo" linaweza kujibiwa vyema na mwanafunzi ambaye jioni hiyohiyo ataisoma makala ya biashara akidhani ni kisa cha kweli. Afadhali apewe maandishi matatu yasiyo na chuku wala picha ya bidhaa, mawili ya kweli na moja la kulipiwa, kisha aeleze ni nani anayesema, anamwambia nani, ni nani anayefaidika, na ni katika sentensi ipi faida hiyo ilipenyezwa. Wengi wa wahitimu wa Kiswahili wanaopata kazi katika kampuni za matangazo watatakiwa kuiandika sentensi hiyo.