Kasi ya Vidole Si Kipimo cha Bluzi

Imeenea baina ya wapenzi wa muziki wa bluzi itikadi moja ambayo, kwa kurudiwa sana, imepata hadhi ya ukweli usiohitaji ushahidi: kwamba mpiga gitaa bora ni yule ambaye vidole vyake hukimbia juu ya nyuzi kwa kasi isiyofuatika kwa macho, na kwamba onyesho adhimu ni lile ambalo mwimbaji hunyamaza upesi ili gitaa la solo lipewe robo saa nzima ya kujionyesha. Maneno yanapoimbwa watu huzungumza na kuagiza vinywaji. Noti zinapomiminika ndipo husimama na kupiga vifijo. Naipinga itikadi hii pasi na haya, kwa sababu inawadhulumu mafundi walioiumba sanaa yenyewe, na inamnyima msikilizaji kilicho bora ndani yake.

Na tumtazame B.B. King, ambaye hapana mpenzi wa bluzi athubutuye kumkana. Mtu huyu, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1925 katika nchi ya mashamba ya pamba, na kufariki mwaka 2015 hali ameheshimiwa duniani kote, alikiri waziwazi kwamba hakuwa hodari wa kupiga nyuzi nyingi kwa pamoja ili kusindikiza wimbo, wala hakuweza kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Kutokana na upungufu huo, ambao kwa kipimo cha mashabiki wa leo ungemshusha jukwaani, aliunda namna yake mwenyewe: huimba mstari, hunyamaza, kisha gitaa lake, alilolipa jina la Lucille, humjibu kwa noti chache, na aghalabu kwa moja tu, iliyoshikwa na kutetemeshwa na kidole cha mkono wa kushoto. Hata mtetemo huo aliufikia baada ya kushindwa kuiga mlio wa jamaa yake, Bukka White, aliyekuwa bingwa wa kutelezesha chuma juu ya nyuzi.

Asiyesadiki na asikilize onyesho lake lililorekodiwa tarehe 21 Novemba 1964 katika ukumbi wa Regal mjini Chicago, ambalo Maktaba ya Bunge la Marekani imelitia katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Zimo humo nyimbo 10 katika muda usiotimia dakika 40. Hadhira yake, watu weusi wa mji ule ambao muziki huu ulikuwa wao kabla haujawa wa dunia, haikungoja solo ndipo ishangilie: moja ya kelele zake kubwa hupanda pale mwimbaji anapomhesabia mwanamke asiye na shukrani mema aliyomtendea. Mtu wa pwani yetu atalielewa jambo hilo bila kufasiriwa, maana katika taarabu naye mwenye kutoa tuzo huinuka na fedha mkononi pale neno lilipomchoma, si pale fidla ilipoharakisha.

John Lee Hooker, katika wimbo wake "Boogie Chillen" wa mwaka 1948, hana ila sauti yake, gitaa lake na mguu unaogonga sakafu. Na mwaka uliofuata wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza katika soko la muziki wa Wamarekani weusi. Lakini kisa kinachonifurahisha kupita vyote ni cha Hubert Sumlin. Kijana huyu alikuwa mpiga gitaa wa Howlin' Wolf, mtu mkubwa wa kimo na wa sauti, naye akipiga kwa kile kipande kigumu cha kuchapia nyuzi, kwa nguvu na kwa wingi, hata akawa anaufunika uimbaji wa bwana wake. Kwa masimulizi ya Sumlin mwenyewe, Wolf alimwondoa jukwaani na kumwamuru aende nyumbani, akiweke kando kipande kile, ajifunze kupiga kwa vidole vitupu. Sumlin alitii, na katika utii huo ukazaliwa mlio wake mashuhuri, unaoingia ghafla, ukasema neno lake, ukatoka. Aliyemfunza usanii alimfunza kupunguza.

Itikadi ninayoipinga, basi, ilitoka wapi? Haikutoka Mississippi wala Chicago. "Spoonful", utungo wa Willie Dixon ulioimbwa na Howlin' Wolf mwaka 1960, Sumlin akiwamo kwenye gitaa, haufiki dakika 3; mwaka 1968 bendi ya Cream ya Uingereza iliutoa wimbo huo huo, uliorekodiwa jukwaani, kwa zaidi ya dakika 16. Siwakatazi vijana wale uhuru wao, na ustadi wao nauheshimu. Nalaumu hukumu iliyofuata, ya kumpima mwenye dakika 3 kwa fimbo ya mwenye dakika 16, kisha kumwona mfupi.

Nitaambiwa kwamba kasi ni tunda la jasho, na jasho lastahili heshima. Ni kweli, wala sina uadui na mbwembwe za jukwaani: T-Bone Walker alipiga gitaa akiwa ameliweka nyuma ya kichwa, na Buddy Guy amezoea kushuka katikati ya watazamaji huku akipiga. Hata hivyo, msikilize Walker kwa masikio bila macho, uone alivyoziweka noti zake kwa nafasi na kwa uchaguzi. Jasho la kuchagua ni jasho pia, ingawa halionekani kutoka viti vya nyuma.

Ninalokuomba, msomaji uliye mpenzi wa bluzi, si kuacha kushangilia, bali kusikiliza maneno kwa ghera ile ile unayoiwekea solo. Na siku ukimpata mpiga gitaa athubutuye kupiga noti tatu kisha akanyamaza ili mwimbaji asikike, mshangilie huyo kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye haja ya himaya yako. Mwenye kasi hatawakosa wa kumshangilia.