Roboti hawaitikii apel

Ndugu na dada, vijana wa Base na wa mjini Kamina,

Leo tunaanza na kosa letu wenyewe. Siku nyingi tumejisifu kwamba mamia ya wageni wanatusoma kwa saa moja. Picha ya namba ile tuliitembeza kwenye WhatsApp, tukaituma hata kwa wakubwa ili waogope. Halafu mwenzetu mmoja anayejua mashine akafungua daftari la seva. Watu walikuwa wachache tu. Wengine wote: Googlebot, bingbot, GPTBot, na kundi la wasio na jina.

Roboti hawa ni programu. Wanazunguka mchana na usiku, wanafungua kila kurasa, wananakili, wanaenda. Kuna wa Google, wanaosaidia watu kupata habari. Kuna wanaokusanya maneno ya kufundishia mashine za akili bandia. Kobalti yetu inaenda, sasa na maneno yetu, na hakuna aliyetuuliza bei. Wengine wanawinda namba za simu tu. Wenye adabu wanajitaja jina, wasio na adabu wanajifanya simu ya mtu.

Na juu ya nini wanaonekana wengi hivyo? Mtu akiingia, simu yake inapewa alama ndogo, akifungua kurasa ya pili anajulikana ni yeye yule. Roboti wengi hawashiki alama hiyo. Kila kurasa wanahesabiwa upya, sawa vile mgeni mwingine amefika. Roboti mmoja anaweza kuwa "wageni" hamsini.

Sisi wa Base tunaijua hadithi hii! Nani hapa hajasikia habari za askari fiktif, majina ya hewa kwenye listi, na mshahara wao kuingia mfukoni mwa mkubwa? Ilibidi askari wahesabiwe mmoja mmoja kwa alama za vidole, na kuanzia 2005 ujumbe wa Ulaya, EUSEC, ukasaidia kutenga njia ya pesa na njia ya amri. Tuliwacheka wakubwa wale. Kumbe na sisi tuko na listi yetu ya fiktif.

Wako wenzetu wanaosema: acheni, namba inatia woga. Woga kwa nani? Mkubwa ukimwonyesha namba, yeye anatazama barabara. Akiona iko tupu, amekwisha kukujua. Mukumbuke serikali ilipokata intaneti, tangu 31 Desemba 2018 mpaka 19 Januari 2019. Sisi hatukuweza kusoma hata neno moja. Lakini tovuti ya Wakongomani iliyowekwa kwenye mashine ya Ulaya iliweza kuendelea kupokea "wageni" siku zile zote. Nchi imezibwa mdomo, kihesabu kinaendelea kupanda. Namba ya namna hiyo inatusaidia nini?

Kuna jambo linalotutia hofu zaidi. Chini ya matangazo yetu tuliweka majina na namba za simu za wenzetu. Tunaweza kuzifuta leo, lakini roboti aliyenakili jana ameshaondoka nazo. Kuna faili la robots.txt, desturi ya tangu 1994, la kuwaambia wasiingie. Lile ni kibao tu mlangoni, halina kufuli. Sheria iko pia, Code du numérique ya 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu. Lakini roboti wa ng'ambo hasomi Journal officiel.

Basi tumekata hivi. Kuanzia leo hatutangazi tena namba ya wageni, na atakayeitangaza kwa jina letu amesema uongo. Namba za simu zote zinaondolewa. Majina ya wanamemba yataandikwa kwenye kaye, kwa biki, na kaye haitapigwa picha.

Siku ya posho, saa tisa, tunafanya apel. Usiitikie kwa ajili ya mwenzako. Aliye na mwenzake asiye na mega za kusoma haya, ampelekee habari kwa mdomo.