Sikukuu mjini: pa kwenda papo, kurudi ndiyo kazi

Msikilizaji, Idd ikikaribia, watoto wa shamba huwa na swali moja: watapelekwa mjini au la? Wazee hawajibu haraka, na wana sababu.

Chukua familia ya watu sita wa Makunduchi. Kwenda na kurudi ni nauli kumi na mbili. Hata wawili wadogo wakipakatwa, zinabaki nane. Fedha hizo zinatoka kabla mtoto hajaonja hata urojo. Kwa hiyo, mahali pasipo kiingilio ndipo panapoamua kama safari itakuwepo.

Forodhani hakuna kiingilio. Bustani ile ilitengenezwa upya na kufunguliwa 2009 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, na watoto huweza kukaa hadi jioni wakitazama vijana wanavyoruka baharini. Ng'ambo ya barabara ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondoshwa. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, watu wawili wakafariki. Humo ndimo yalimokuwa makumbusho, na kwa miaka kadhaa watoto wetu wamekosa darasa ambalo skuli nyingi hazina. Kwenye pembea za Kariakoo unalipa, basi panga fungu lake mapema.

Wa kusini mnayo njia nyengine. Msitu wa Jozani upo barabarani, karibu nusu ya safari ya kwenda mjini. Kima punju wanaoishi humo hawapatikani porini popote duniani nje ya Zanzibar. Wageni wanapanda ndege kuja kuwaona, sisi tunawapita dirishani. Ada ya mkaazi ni ndogo kuliko ya mgeni. Ulizia kabla ya kuondoka.

Tatizo kubwa linaanza jua likizama. Raha ya sikukuu ni ya usiku, lakini gari za shamba usiku ni chache. Hapo ndipo watu wanapogombania mlango, watoto wanashikana mikono isishikike, na gari inajazwa kupita kiasi. Tusisahau Septemba 2011: meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, siku chache baada ya Idd, ikiwa imejaza kupita uwezo wake. Mamia walikufa, wengi wao wakirejea kutoka sikukuu.

Wenye dhamana ya usafiri wanajua tarehe za Idd kama tunavyozijua sisi. Kupanga gari za usiku za kurudi Nungwi, Makunduchi na Chwaka kwa siku nne si jambo la miujiza, na askari wa barabarani asimamie idadi ya abiria pale gari inapoanzia, siyo baada ya ajali.

Nawe mzazi, fanya lako. Nenda Idd tatu au nne, msongamano ukiwa umepungua. Muulize utingo saa ya gari ya mwisho kabla hujashuka. Mwandikie mtoto namba yako ya simu kwenye karatasi, umtie mfukoni. Gari ikijaa, subiri nyengine. Sikukuu njema ni ile ambayo wote mliotoka nyumbani mnarudi.