Vifaa mezani, mwalimu pembeni

Mwaka 1971 vijana watatu waliokuwa kwenye mazoezi ya ualimu mjini Minneapolis, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walitengeneza mchezo wa kompyuta kwa ajili ya somo la historia la darasa la nane. Mchezo huo, The Oregon Trail, haukuwa na picha wala skrini. Wanafunzi waliizunguka mashine moja ya kuchapa iliyounganishwa kwa laini ya simu na kompyuta iliyokuwa kwingine, wakashauriana wanunue chakula kiasi gani na risasi ngapi, kisha wakangoja karatasi itoke na majibu. Mwaka 1973 jimbo la Minnesota likaunda MECC, taasisi ya kusambaza kompyuta na programu mashuleni, wakati sehemu kubwa ya Marekani haijaliwazia jambo hilo. Inashangaza basi kwamba ripoti ya shirika la Code.org ya mwaka 2022 iliiweka Minnesota mkiani mwa majimbo yote: asilimia 21 tu ya sekondari zake za juu zilikuwa na somo la msingi la sayansi ya kompyuta, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 53. Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuliendeleza somo hilo mwaka 2023, lakini sheria ikipita leo, mwalimu wa kulifundisha hapatikani kesho asubuhi.

Pengo hilo wazazi wanaliziba kwa pesa zao. Kwa Wakenya wa Brooklyn Park, Wasomali wa Cedar-Riverside, na Waoromo na Wakongomani waliotawanyika katika Miji Pacha ya Minneapolis na St. Paul, tuisheni si jambo geni. Wengi wamekulia kwenye tuisheni ya jioni na ya likizo: mitihani ya miaka iliyopita imerudufiwa, mwalimu anakokotoa ubaoni, darasa zima linanakili. Kwa hiyo mzazi anayetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anapomtafutia mtoto mwalimu wa hesabu, huuliza kwanza bei, kisha huuliza mtoto atapewa maswali mangapi. Ningemshauri aulize pia kutakuwa na nini juu ya meza. Tuisheni ya sayansi, hesabu na kompyuta huifikia thamani yake yote pale mtoto anaposhika, anapopima na kuunda kitu kwa mikono yake, mwalimu akiwa karibu kiasi cha kuliona kosa linapotokea.

Ushahidi wa faida ya tuisheni yenyewe ni mwingi. Mwaka 2020 Andre Nickow, Philip Oreopoulos na Vincent Quan walikusanya majaribio 96 yaliyofanywa kwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wakapata matokeo ambayo kwa lugha nyepesi ni haya: mwanafunzi aliyekuwa akiwapita wenzake 50 katika kila mia huishia kuwapita kama 64. Katika elimu hilo ni badiliko kubwa. Walibaini pia kwamba walimu wenye ujuzi huwashinda wazazi na watu wa kujitolea, na kwamba hesabu hunufaika zaidi katika madarasa ya juu kuliko ya chini. Kuhusu vitendo, Scott Freeman na wenzake walipitia tafiti 225 za vyuo vikuu mwaka 2014, wakaona kwamba pale wanafunzi wanaposikiliza tu mhadhara, karibu asilimia 34 hufeli. Wanapofanya kazi darasani, wanaofeli hushuka hadi kama asilimia 22.

Hata hivyo, wapenzi wa vitendo wasishangilie mapema. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala iliyowaudhi walimu wengi, wakionyesha kwamba mwanafunzi mchanga akiachiwa agundue mambo mwenyewe bila kuelekezwa, hujifunza kidogo na huchoka upesi. Nadhani walikuwa sahihi, na Afrika Mashariki tunao mfano wetu. Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata Tanzania iwe na maabara tatu, wananchi walichangishwa na majengo yakapanda. Malalamiko yaliyofuata hayakuhusu kuta. Yalihusu vifaa visivyokuwepo na upungufu wa walimu wa sayansi. Mtoto peke yake na kisanduku cha vifaa atacheza, na mtoto aliye na mwalimu asiye na kifaa chochote atakariri. Darasa la watoto thelathini haliwezi kumpa kila mmoja kifaa na jicho la mwalimu kwa wakati mmoja, hata mwalimu awe hodari namna gani. Meza ya watoto wawili au watatu inaweza, na hicho ndicho mzazi anacholipia, ajue asijue.

Chukua somo moja la umeme. Mezani kuna betri ya volti 9, taa ndogo nyekundu ya LED, kibao cha majaribio chenye vitundu, rezista chache na multimita. Taa hula kama volti 2 na haitakiwi kupitisha zaidi ya miliampia 20. Mtoto anatoa 2 kwenye 9, anabaki na 7, anagawanya kwa 0.02, anapata omu 350. Anapekua kopo: rezista ya omu 350 haimo. Kuna ya 330 na kuna ya 390. Kukadiria, ambako kitabuni ni kanuni ya kupandisha au kushusha tarakimu, hapa kunageuka uamuzi, kwa sababu 330 itapitisha mkondo uliozidi kidogo kiwango na 390 itafifisha taa kidogo. Anachagua, anachomeka, taa haiwaki. Mwalimu mzuri hanyooshi mkono kurekebisha. Anauliza mguu mrefu wa taa umeelekea upande gani. Mtoto anaigeuza, inawaka, kisha anapima kwa multimita na kukuta namba hailingani sawasawa na ile ya kwenye daftari, na somo la makosa ya vipimo limeanza bila kutangazwa. Wiki inayofuata waya zile zile zinaunganishwa na kompyuta ndogo ya kufundishia, na mtoto anaandika mistari michache ya programu ili taa iwake na kuzima mara kumi. Akikosea hesabu ya marudio, taa itamwambia kabla ya mwalimu. Hata aljebra tupu ina pa kushika: mpe mlinganyo wa Farenhaiti na Selsiasi, mwulize ni wapi vipimo hivyo viwili hukutana, naye atapata 40 chini ya sifuri. Kwa mtoto wa Minnesota namba hiyo si ya kubuni. Mji wa Tower, kaskazini mwa jimbo, ulishuka hadi Farenhaiti 60 chini ya sifuri Februari 1996.

Miji Pacha yenyewe imejengwa na watu waliojifunza hivyo. Mwaka 1957 umeme ulikatika, na mtoto mgonjwa aliyetegemea mashine ya mapigo ya moyo iliyochomekwa ukutani akafariki katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Daktari C. Walton Lillehei akamwendea Earl Bakken, fundi aliyezoea kutengeneza vifaa vya hospitali na aliyeanzisha kampuni ya Medtronic ndani ya gereji mwaka 1949. Katika wiki kama nne Bakken akaleta kifaa cha betri cha kuvaliwa, akiwa ameazima mchoro wa mzunguko wa metronomu aliouona katika jarida la mafundi wa nyumbani. Fizikia ya mzunguko ule ilikuwemo vitabuni kwa yeyote. Mazoea ya kuuchukua, kuubadili na kuujaribu aliyapata kwenye meza ya kazi.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wazazi wenyewe: mtihani hauulizi kuhusu waya. Ni kweli, na alama zina uzito wake hapa. Mpango wa PSEO, ambao Minnesota iliuanzisha mwaka 1985, humruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma masomo ya chuo bila kulipa ada, na asiye na hesabu nzuri hauingii kwa urahisi. Lakini utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa mwaka 2019, ungefaa kusomwa na kila mzazi. Wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kufanya walipata alama za juu kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, lakini wao wenyewe walidhani wamejifunza kidogo zaidi. Mhadhara unateremka vizuri; kufanya kunachosha na kuaibisha. Ikiwa vijana wa Harvard walijidanganya, mzazi anayechungulia mlangoni na kumwona mwanawe akihangaika na taa isiyowaka asifanye haraka kusema pesa zake zinachezewa.

Pingamizi la pili ni la kisasa: programu za mtandaoni zinafundisha bure au kwa bei ndogo. Hapa nakubali zaidi ya nusu. Kurt VanLehn alionyesha mwaka 2011 kwamba programu zinazomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua hukaribia sana kumfikia mwalimu binadamu. Mazoezi ya milinganyo basi yaachiwe mashine, na saa ya mwalimu, ambayo ni ghali, itumike pale ambapo mashine haioni waya umeingia kitundu kipi.

La tatu ndilo zito. Tuisheni huwapa nafasi wenye nacho na kuwaacha wengine, na Kenya ilikwenda mbali hadi kupiga marufuku tuisheni ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Mahali bora pa kuwafundisha watoto wachache wachache ni ndani ya saa za shule, na uchambuzi ule wa majaribio 96 unasema hivyo hivyo. Lakini Minnesota ina kitu ambacho Nairobi na Dar es Salaam hazina. Jimbo humrudishia mzazi wa kipato cha chini asilimia 75 ya gharama za elimu zinazokubalika, hata kama hadaiwi kodi yoyote. Tangu mwaka wa kodi wa 2023 kikomo ni dola 1,500 kwa kila mtoto, na mwaka huo familia yenye pato hadi dola 70,000 ilistahili kiasi kizima. Ada ya mwalimu wa tuisheni imo, mradi awe na sifa zinazotakiwa, kama vile leseni ya ualimu au shahada ya kwanza, na asiwe mzazi, babu, bibi wala ndugu wa mtoto. Kwa hiyo nesi msaidizi anayelipa dola 2,000 kwa mwaka anaweza kubaki amegharimia 500. Atakachohitaji ni risiti na fomu, na baada ya kashfa ya Feeding Our Future, ya wizi wa fedha za chakula cha watoto, ambayo tangu mwaka 2022 imeitia doa jamii nzima ya Wasomali kwa makosa ya baadhi ya watu, risiti hizo ziwe safi na ziandikwe jina la somo na tarehe.

Sheria hiyo ya Minnesota ya kurudisha gharama ina kasoro moja inayogusa hoja hii moja kwa moja. Kwa vifaa vya kompyuta na programu za kufundishia, inakubali dola 200 tu kwa familia nzima, iwe ina mtoto mmoja au sita. Inamlipia mwalimu vizuri na kumnyima mtoto cha kushika. Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya, aliingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa uchaguzi wa 2024 kupitia eneo la Brooklyn Park, na katika Seneti wapo wabunge wenye asili ya Somalia. Hao wanaweza kuirekebisha: kikomo hicho cha dola 200 kikihesabiwa kwa kila mtoto badala ya kila familia, na vifaa vya majaribio vikitajwa kwa jina, mswada wenyewe hautazidi ukurasa mmoja.