Nusu kwa Wamishenari, Nusu kwa Walimu

Kanisa linaloikodishia jumuiya yetu ya Wakenya ukumbi hapa Lowell, Marekani, limetuletea ombi. Mume na mke wa kanisa hilo, wote walimu, wanajiandaa kwenda kuhudumu katika shule ya Kikristo ya bweni upande wa Njoro. Kama ilivyo desturi ya wamishenari wa Kimarekani, shule haitawalipa. Wanajitafutia wafadhili wenyewe, watu na makanisa ya kuwaahidi kiasi fulani kila mwezi, na hawapandi ndege mpaka ahadi zitoshe. Mchungaji wao alipotambua kwamba karibu kila mwanachama wetu ana shamba, kaburi au mzazi mahali fulani kati ya Njoro, Lare na Mau Narok, akaona sisi ndio wa kuombwa kwanza. Kamati imelipokea ombi vizuri. Jarida hili nalo linaliunga mkono, ila kwa sharti moja: kitakachochangwa kigawanywe mara mbili, nusu iwafuate hao wawili, nusu ilipe mishahara ya walimu Wakenya wa shule hiyohiyo.

Najua sharti hilo litawakera baadhi yenu, hasa wazee wetu waliosomeshwa na wamishenari na ambao mpaka leo hawataki kusikia neno baya juu yao. Mimi sina neno baya. Nimeketi na wanandoa hawa, tumekunywa chai. Mume anafundisha hisabati. Mke ni mtaalamu wa watoto wanaopata shida kusoma, ujuzi ambao shule nyingi za kwetu hazina kabisa. Mtoto wa aina hiyo huitwa mzembe, anachapwa, mwishowe anaacha shule akafanye kazi ya bodaboda. Wameanza kujifunza Kiswahili, na mke tayari anaamkia wakubwa kwa "shikamoo", hata kama Njoro hatapata wengi wa kumwitikia.

Kilichoniudhi ni kipeperushi chao. Kinasema wanaenda kijiji cha mbali, barani Afrika, ambako elimu bado ni ndoto. Mbali na nani? Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu chini ya Lord Maurice Egerton, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Njoro kuna kituo cha utafiti ambacho nchi nyingi za dunia huleta aina zao za ngano zipandwe na kupimwa kama zinastahimili ile kutu kali iitwayo Ug99. Mtu anayekula mkate Kansas au Punjab ana deni kidogo Njoro. Niliwaeleza hayo, wakacheka kwa aibu, wakasema kipeperushi kiliandikwa na ofisi. Nawaamini. Lakini ofisi iliandika hivyo kwa sababu inajua kinachofungua pochi, na hapo ndipo mjadala wetu unapoanzia.

Katika historia yetu, walimu wa misheni hawakuwa watu wa namna moja. Wapo waliokuja wakakaa. Minnie Cumming alitoka Scotland mwaka 1899 kuja kuolewa na Thomas Watson. Walifunga ndoa Mombasa Desemba ya mwaka huo, na Desemba iliyofuata mume akafa. Nchi ilikuwa imetoka tu katika njaa na ndui. Mjane yule alikuwa na kila sababu ya kurudi kwao, lakini alibaki kwenye misheni ya Thogoto akifundisha na kusimamia shule mpaka 1931. Kijana mmoja aliyeingia shuleni hapo mwaka 1909 ndiye aliyekuja kuwa rais wetu wa kwanza. Minnie alipofariki Scotland mwaka 1949, majivu yake yaliletwa kuzikwa Thogoto. Kule kwetu bondeni, Barnett wa Africa Inland Mission aliishi na watu wa Baringo mpaka mji wa Kabarnet ukabeba jina lake, na Daniel arap Moi, ambaye baadaye alijenga shule na chuo Kabarak, alianza masomo katika shule ya misheni hiyo Kabartonjo, mwaka 1934.

Na zipo shule za Kikristo ambazo hazikujengwa kwa ajili yetu. Rift Valley Academy ya Kijabe ilianza mwaka 1906 ili wamishenari wasilazimike kuwapeleka watoto wao ng'ambo. Theodore Roosevelt mwenyewe aliliwekea jiwe la msingi jengo lake kuu mwaka 1909, alipokuja kuwinda. Pale Turi, karibu na Molo, mume na mke wa familia ya Lavers walianzisha shule ya St Andrew's mwaka 1931, ikaungua 1944, ikajengwa upya na mafundi wakiwemo mateka wa vita wa Kiitaliano. Ni shule nzuri zote mbili, na siku hizi milango imefunguka kwa watoto wa rangi zote. Lakini kwa miongo mingi Mwafrika aliyevuka lango la shule za namna hiyo alielekea jikoni, bustanini au kwa dobi. Kwa hiyo mtu akiniambia anaenda kufundisha shule ya Kikristo Bonde la Ufa, sitosheki na neno Kikristo. Nauliza ni watoto wa nani wanaokaa kwenye madawati, na karo ni kiasi gani.

Kuna shule za aina ya tatu ambazo hazina vipeperushi wala jiwe la rais yeyote. Babu zetu wengi walifika Njoro, Elburgon na Molo kama maskwota kwenye mashamba ya walowezi. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi kwa mlowezi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili wapate ruhusa ya kuishi, kulima na kuchunga. Baada ya mvutano na misheni mwaka 1929, watu wa Mkoa wa Kati walianzisha shule zao huru, na maskwota wa bondeni nao hawakubaki nyuma. Walichanga wao kwa wao, wakakandika kuta za udongo, wakaezeka nyasi, wakatafuta mwalimu na kumlipa kwa kile kidogo walichokuwa nacho: senti, mahindi, kondoo. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule nyingi za namna hiyo baada ya kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Nasisitiza lile la mwalimu. Watu waliobakiwa na kama nusu tu ya mwaka wao wenyewe walielewa kwamba shule ni mwalimu aliyelipwa. Kuta zilikuwa za udongo na hakuna aliyeona haya.

Sisi tumegeuza mambo. Jumuiya yetu imewahi kuchangia darasa, matangi ya maji, hata lango lenye maandishi. Kwa matanga tunachanga usiku kucha na mpaka asubuhi tiketi ya ndege imepatikana. Karo za wapwa na binamu ndizo zinazotufanya tuchukue zamu ya pili kwenye nyumba za wazee. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya. Lakini niambieni ni lini mliwahi kusikia harambee ya mshahara wa mwalimu. Mshahara hauandikwi ukutani. Unalipwa tarehe 30, tarehe 5 mwezi unaofuata umekwisha, na hakuna wa kupiga picha.

Sasa tazameni hesabu. Kenya haina upungufu wa watu waliosomea ualimu. Wapo zaidi ya laki tatu waliosajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ambao hawajaajiriwa, na baadhi yao wanauza viazi kandokando ya barabara ya Njoro kwenda Mau Narok. Walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi, wale walioandamana Mei 2024, walikuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na hiyo ni serikali. Katika shule za binafsi na kwa walimu wanaolipwa na bodi za shule, wengi hupata chini ya hapo, na mara nyingine mwezi unapita bila kitu kwa sababu wazazi hawajamaliza karo. Kwa kima cha shilingi 129 kwa dola, 20,000 ni kama dola 155. Walimu sita kwa mwezi ni dola 930. Wanandoa wetu wanahitaji maelfu kadhaa ya dola kila mwezi, pamoja na bima, tiketi, akiba ya uzeeni na makato ya shirika linalowatuma. Siwalaumu. Ndivyo mtu wa huku anavyoishi, na hawaendi kutajirika. Ila tusidanganyane kwamba fedha hizo zinaziba pengo la mwalimu wa hisabati. Mwalimu wa hisabati yupo. Kisichokuwapo ni mshahara wake.

Mbona basi fedha za makanisa ya huku hazimfikii? Sababu moja ni ya karatasi. Mmarekani akimchangia mmishenari kupitia shirika lililosajiliwa, anaweza kupewa risiti ya kupunguzia kodi. Akimtumia mwalimu wa Njoro kwa M-Pesa, hapati chochote. (Na kwa sisi tunaotuma: tangu Januari 2026 anayelipa kwa pesa taslimu dirishani anakatwa kodi ya asilimia 1 ya serikali ya Marekani. Tumeni kupitia akaunti ya benki au kadi.) Sababu kubwa zaidi ni kwamba watu huchangia sura wanayoijua. Wanandoa hawa walikulia kanisani pale, walisimama madhabahuni, waumini waliwaombea, picha yao imebandikwa kwenye friji za watu. Mwalimu wa Kenya aliye kwenye chumba cha jirani, anayesahihisha madaftari hayohayo, hajasimama mbele ya mtu yeyote Lowell. Wa kumsimamia ni sisi. Tunamjua. Baadhi yetu tulikaa naye dawati moja Njoro Boys au Njoro Girls.

Yapo mengine ninayoomba kamati iyaulize kabla hatujaandika hundi. Je, wawili hawa wamesajiliwa na TSC? Sheria ya mwaka 2012 haimruhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa, na kibali cha kazi cha kimishenari, kile cha daraja I, hakimpi mtu leseni ya kuingia darasani. Baada ya miaka miwili waliyoahidi kuanzia, wanakusudia kukaa muda gani zaidi? Miaka miwili ni muda wa kuzoea baridi ya Julai na kuanza kuyatamka majina ya watoto bila kuyavunja. Na huyu mama mtaalamu wa kusoma, je, ataingia darasani peke yake, au atakaa na walimu watatu wanne wa shule ile mpaka waweze kufanya kazi hiyo bila yeye? Nikipewa nafasi ya kuchagua, ningemwomba asifundishe mtoto hata mmoja mwaka wa kwanza, awafundishe walimu. Nilimwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hakuna aliyewahi kumwomba jambo hilo, na kwamba angelipenda.

La picha nalo lisisahaulike. Barua za maombi za wamishenari hujaa nyuso za watoto: huyu hana viatu, huyu kamasi zinamtoka, na chini yake maelezo ya maisha yake nyumbani ambayo mama yake asingependa jirani ayasome. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tukiwa miongoni mwa wafadhili tuna haki ya kusema kwamba barua itakayofika kwetu isiwe na uso wa mtoto ambaye mzazi wake hakutia sahihi. Wengine wenu mtawatambua watoto hao. Ni wa kwenu.

Kuna waliosema kwenye kikao kilichopita kwamba kugawa mchango ni kuwavunja moyo watu waliojitolea. Niliwauliza wahusika wenyewe. Mume alifikiri, akauliza walimu wenzake watakuwa wangapi na wanalipwa nini. Hakuwa akijua. Nilipomtajia shilingi 20,000 alitoa simu akapiga hesabu ya dola, akaigeuza simu ili mkewe aone. Hawakupinga mgawanyo. Walichoomba ni kwamba nusu ya walimu isipitie mikononi mwao, wasije wakaonekana mabosi wa wenzao chumba cha walimu. Ombi hilo ni la busara na kamati ilichukue kama lilivyo: fedha ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya shule ya mishahara, na kila muhula mhasibu atutumie orodha ya waliolipwa na walioondoka. Ahadi yetu iwe ya miaka miwili, ile miwili ambayo wanandoa wameahidi kuanzia, na baada ya hapo tukae tena.

Mkutano ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tano asubuhi kwa saa za hapa, saa kumi na mbili jioni Njoro. Mwalimu mkuu na mhasibu wamekubali kuwa kwenye simu, na wanandoa watakuwapo ukumbini. Fomu za ahadi zina visanduku viwili, kimoja cha wamishenari na kimoja cha mishahara. Usipojaza kiwango katika kila kimoja, mweka hazina atagawa sawa kwa sawa. Anayeona mgawanyo mwingine unafaa aje na hesabu yake imeandikwa.