Ufa wa tangi la maji haupitishi maji upande mmoja tu

Ndugu msomaji, nyumba nyingi za mijini katika pwani yetu, Dar es Salaam, Unguja na hata Mombasa, zina tangi la zege lililochimbiwa ardhini. Maji ya bomba yakija usiku huingia humo, na yakikatika siku tatu familia nzima huishi kwa akiba hiyo. Ndiyo ya kupikia, ya kuoga, ya kutilia udhu na mara nyingi ya kunywa.

La kusikitisha ni kwamba hakuna sehemu ya nyumba inayosahauliwa kama hiyo. Idi ikikaribia tunapaka rangi kuta na kubadili mapazia, lakini mfuniko wa tangi haufunuliwi mwaka mzima. Hata ufa ukijulikana, tunauhesabu kuwa ni hasara ya fedha tu: maji yanapotea, bili inapanda, basi tutaziba siku tukijaaliwa. Rai yangu ni kuwa ufa wa tangi ni jambo la afya kabla ya kuwa jambo la bili.

Sababu yake ni nyepesi. Tangi likijaa, maji hutoka kupitia ufa. Likipungua, na udongo wa nje ukiwa umelowa, maji ya nje huingia kupitia ufa ule ule. Na katika viwanja vyetu vidogo, nje ya tangi kuna nini? Mara nyingi kuna shimo la choo au karo, hatua chache tu kutoka hapo.

Madhara ya jambo hili yalionekana mjini London mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja. Daktari John Snow alionesha kuwa wagonjwa wengi walikunywa maji ya kisima cha Broad Street. Mwaka uliofuata pakafukuliwa, ikaonekana kuwa shimo la maji machafu la nyumba ya jirani lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, na matofali yake yalikuwa yameoza na kuachia. Sisi nasi tunakumbuka kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, kikaenea mikoani na kufika Zanzibar mwaka huo huo.

Hapa wapo watakaosema: maji mengi hayanajisiki kwa urahisi. Ni kweli. Wanazuoni wa Kishafii wametufundisha kuwa maji yaliyofikia qullatain, takriban lita 200, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Lakini hiyo ni hukumu ya twahara. Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo vinaweza kuwamo katika maji maangavu, yasiyo na harufu wala ladha ngeni. Maji yanaweza kukufaa kwa udhu kwa hukumu ya fiqhi, na wakati huo huo yakakuletea maradhi unaposukutua. Sheria iliyotuamrisha twahara ndiyo iliyotukataza kudhuru na kudhuriana.

Utajuaje kama tangi lako linavuja? Lijaze, funga maji yanayoingia na yanayotoka, weka alama penye usawa wa maji, funika, kisha pima baada ya saa 24. Tangi lenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 3 likishuka sentimita moja tu, umepoteza lita 60, nazo zimepita mahali fulani.

Ama kuhusu matengenezo, wengi hupaka saruji nyepesi juu ya ufa, au hutandika turubai la plastiki ndani na kuona kazi imekwisha. Hiyo ni kuficha maradhi, si kuyatibu. Turubai likitoboka, maji hukaa nyuma yake na kuoza, nawe huoni kitu. Kwanza itafutwe sababu: mizizi ya mti, ardhi iliyotitia, au nondo zilizoshika kutu kwa sababu ya mchanga wa baharini. Kisha fundi aupanue ufa kwa patasi kiasi cha sentimita 2 hadi 3 kwenda ndani, ausafishe kwa brashi ya waya, aulowanishe, na aujaze kwa saruji moja kwa mchanga safi mbili, pamoja na dawa ya kuzuia maji. Pembe ya sakafu na ukuta, na pale bomba linapopita, ndipo panapovuja zaidi. Baada ya hapo ukuta upigwe lipu na niru, na uwekwe majimaji kwa siku saba usipasuke tena. Ufa unaozidi kupanuka, au nondo zilizoliwa na kutu, hizo si kazi za kubahatisha, aitwe mhandisi. Na kazi ifanyike kiangazi, kwani wakati wa masika maji ya ardhini yanaweza kulisukuma tangi tupu kutoka chini na kulipasua upya.

Tahadhari moja isipuuzwe. Mtu asiingie tangini peke yake. Mfuniko uachwe wazi muda mrefu kwanza, aingie akiwa amefungwa kamba, na juu pawe na watu wa kumvuta. Jenereta au pampu ya mafuta isiwashwe ndani wala mdomoni mwa tangi, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyonusika. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate bila msaada. Wengi hufa kwa namna hiyo, mwokozi juu ya aliyeanguka.

Kazi ikikauka, osha kuta, jaza maji, tia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, kiasi cha lita moja na nusu kwa kila lita 1,000. Fungua mabomba ya ndani mpaka harufu ya dawa isikike, yafunge, acha saa 24, kisha mwaga yote na ujaze upya. Maji hayo ya dawa yasinywewe. Na hata baada ya hapo, maji ya kunywa yachemshwe.

Mwisho, neno kwa wenye nyumba na kwa kamati za misikiti. Mwenye nyumba anayejua kuwa tangi lina ufa, akampangisha mtu na kunyamaza, ameficha aibu ya alichokiuza. Na msikiti unaochangisha zulia jipya ilhali tangi la udhu linavuja kando ya karo, umetanguliza kinachoonekana juu ya kinachodhuru. Ijumaa hii, kabla ya mchango mwingine wowote, funueni mfuniko mtazame.

Wabillahi tawfiq.