Sera Isiyo na Mtendaji Wala Tarehe

Ndugu wazazi wa Moshi, Machame, Marangu na Rombo, serikali ikitoa sera ya elimu, msiridhike na kuisikia redioni. Itafuteni, muisome, na kila mnapofika kwenye nukta muulize: nani atafanya, wapi, na lini?

Mwishoni mwa mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alizitaja wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya 1971 kwisha. Kilimanjaro ilikuwamo, pamoja na jirani zetu wa Pare, na Masasi, Mafia, Ukerewe na Dar es Salaam. Hakusema juhudi zitaendelezwa. Alitaja majina, akatoa mwaka mmoja. Kiongozi aliyesikia wilaya yake ikitajwa hakuwa na pa kujificha. Lengo halikutimia kila mahali kwa muda ule; hata hivyo, nchi ambayo mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wake hawakujua kusoma, ilifika 1975 wakiwa wamebaki asilimia 39.

Sasa chukueni Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014. Tamko moja linasema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Linalofuata linasema Kiingereza kitaendelea kuimarishwa katika kufundishia, nacho katika ngazi zote! Utaratibu utawekwa, tunaambiwa, upi, hatuambiwi. Mkuu wa shule akiyasoma yote mawili atafanya alichofanya jana, wala simlaumu. Sera imetolewa upya, Toleo la 2023, na mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili bado anaikuta baiolojia ya kidato cha kwanza kwa Kiingereza.

Mtanijibu kwamba tume ya elimu ya Jackson Makweta, mwaka 1982, ilitaja tarehe: Kiswahili kianze kidato cha kwanza 1985. Kweli, ilitaja. Lakini lile lilikuwa pendekezo, na serikali haikulikubali. Tarehe ina nguvu ikiwa kinywani mwa mwenye amri.

Tena kuna maneno ya mtaani, ambayo hukimbia kuliko waraka. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada. Watu wakasikia “elimu bure”, na hata huku mlimani, ambako madarasa mengi yamesimama kwa michango ya wazazi, wapo waliokataa kuchangia uji wa watoto wao wenyewe. Ikabidi Waraka Na. 3 wa 2016 ufafanue kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi. Ufafanuzi huo ungetangulia, tusingegombana vikaoni.

Basi wajumbe wa kamati za shule, nanyi madiwani, mkiletewa tamko jipya kuhusu lugha ya kufundishia, msipige makofi kwanza. Ulizeni vitabu vitachapwa mwaka gani, walimu watanolewa chuo gani, na fedha zimo katika bajeti ipi. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na atakayejibu aweke sahihi yake.